Je, Aliyetazama Mazishi kwa Simu Amezika?

Katika toleo hili tunapenda kulizungumza jambo ambalo limeleta maneno mengi kati yetu. Wengine wamelicheka, wengine wamelikasirikia, na wengine wamesema ni mambo ya vijana tu. Sisi twaona si jambo la vijana tu. Ni swali linalomhusu kila mtu mwenye ndugu, na hakuna asiye na ndugu.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee mmoja wa huku kwetu alifariki wakati wa mvua za masika. Aliacha mjane na watoto kadhaa. Binti yake mmoja yuko Muscat, nchi ya Oman, anafanya kazi za nyumbani kwa mkataba, na mwajiri wake hakumruhusu kuondoka. Kijana wake mmoja yuko hapo Mwanza, ana duka. Basi siku ya mazishi kijana mmoja wa jirani aliifunga simu juu ya fimbo yenye miguu mitatu, akayarusha mazishi moja kwa moja kwa njia ya intaneti, ili walio mbali waone.

Binti wa Muscat alitazama. Picha yake ilikatika mara nyingi, akasikia maneno ya mchungaji nusunusu, na wakati jeneza linashushwa hakuona kitu ila duara linalozunguka. Kaka yake wa Mwanza naye alitazama, akiwa dukani kwake, na picha yake ilikuwa safi tangu mwanzo hata mwisho. Mtu akisimama gatini Kamanga siku ya anga jeupe anayaona mawe ya Mwanza kwa macho yake. Kivuko huenda na kurudi kila siku, na nauli yake si ya kumshinda mwenye duka. Tena, tangu Juni 2025, aogopaye maji aweza kupita juu ya daraja la Kigongo na Busisi. Lakini kijana yule hakuvuka.

Baada ya siku chache wazee wa nzengo walikaa. Wengi wenu mwajua desturi yetu: msiba ukitokea, watu wa nzengo huchimba kaburi, huleta kuni na maji, hulala matanga, na asiyefika bila sababu hutozwa faini. Kijana akaambiwa alipe. Akakataa. Akasema, "Mimi nilikuwepo. Nililipia bando, nikatazama tangu ibada mpaka mashada ya maua. Hata ninyi mliosimama nyuma hamkuona kama nilivyoona mimi." Mzee mmoja akamjibu, "Ni kweli, mwanangu, wewe umetuona sisi. Na wewe, nani amekuona?"

Tangu siku ile swali hilo halijatutoka moyoni. Je, aliyetazama mazishi kwa simu amezika? Na kama hakuzika, yule dada yake wa Muscat tumwambie nini?

Kabla ya kuhukumu, yatupasa kwanza kukifahamu chombo chenyewe, maana mara nyingi twakisifu au twakilaumu kitu tusichokijua.

Wengi wetu tulikua na redio. Redio hufanya kazi kama kengele ya kanisa: mnara mmoja hutoa sauti, na kila mwenye chombo aliye karibu huipokea. Wakisikiliza watu kumi au watu laki moja, mnara hauongezi jasho. Tena redio ilikuwa moja mtaani, na majirani walikusanyika kuisikiliza pamoja chini ya mwembe. Kitabu nacho ni hivyo. Alexander Mackay, mmisionari na fundi, alipolazimika kuondoka Buganda mwaka 1887, alikaa Usambiro, kusini mwa ziwa letu hili, akaendelea na kazi ya kutafsiri na kupiga chapa hata alipofariki Februari 1890. Herufi zikiisha kupangwa mara moja, karatasi zitokazo zaweza kuwa nyingi.

Intaneti haikujengwa hivyo. Kwa kawaida yake, kila anayetazama huiomba picha yeye mwenyewe, naye hupelekewa nakala yake peke yake. Fikirini watu 300 wamesimama ufukoni Kamanga, wote wanangoja gunia la aina moja kutoka Mwanza, na badala ya kivuko kimoja kuleta magunia yote, zinakuja boti 300, kila moja na gunia moja. Ndivyo ilivyo. Tupige hesabu ndogo. Picha ya wastani yaweza kuhitaji megabiti 1 kila sekunde. Kwa saa moja hiyo ni megabaiti 450 kwa mtazamaji mmoja, na mazishi ya saa 3 ni zaidi ya gigabaiti moja na robo. Wakitazama 300 kwa wakati mmoja, njia lazima ibebe megabiti 300 kila sekunde, ingawa picha ni ileile moja.

Wataalamu waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1989 Steve Deering, wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliandika kanuni za njia nyingine: nakala moja isafiri mpaka kwenye njia panda, na hapo tu ndipo igawanywe kwa wale walioiomba. Machi 1992 sauti za mkutano wa wataalamu mjini San Diego zilipelekwa kwa njia hiyo mpaka nchi mbalimbali. Ilikuwa fikra njema. Lakini haikuenea katika intaneti ya watu wote, kwa sababu ilitaka kila mwenye njia, toka mwanzo hata mwisho, akubali kubeba na kugawa mzigo wa mwenzake. Badala yake makampuni makubwa yalijenga maghala karibu na watazamaji, yakaweka nakala humo. Siku hizi picha hukatwa vipande vya sekunde chache chache, kila kipande kikatengenezwa cha ubora mbalimbali, nayo simu huchukua kinachoiwezekania. Mwenye mtandao mzuri hupata picha safi. Mwenye mtandao dhaifu hupata ukungu.

Twayaeleza haya si kwa kuonyesha ujuzi, bali kwa sababu yana mafundisho mawili. La kwanza, hilo tunaloliita "moja kwa moja" si moja kwa moja kabisa. Vipande hukusanywa, hupikwa, hupelekwa, na mara nyingi humfikia mtazamaji baada ya sekunde kadhaa, pengine nusu dakika. Sisi tukiwa tumekwisha kusema Amina na kuinuka, yule wa Muscat bado amepiga magoti. La pili, hata wakiwa watazamaji elfu, kila mmoja yuko peke yake na nakala yake, wala hamwoni mwenzake. Redio ilikusanya watu chini ya mwembe mmoja, lakini simu humpa kila mtu kivuli chake.

Basi tuyasikie sasa maneno ya wanaosema, "Ndiyo, amezika."

Wanasema kwamba umbali si dhambi. Yule akida wa Kapernaumu hakutaka Bwana aende mpaka nyumbani kwake. Aliamini kwamba neno likitumwa latosha, na mtumishi wake akapona, hali Bwana hakuvuka kizingiti chake. Mtume Paulo naye alitumia barua, tena aliagiza barua ya Wakolosai isomwe pia Laodikia, yaani neno moja liwafikie wengi wasiomwona mwandishi. Nani atathubutu kusema Paulo hakuwa mchungaji wao?

Wanatukumbusha pia mwaka 2020. Sisi Tanzania makanisa yetu hayakufungwa wakati wa korona, lakini jirani zetu wa Kenya na Uganda walifungiwa tangu mwezi Machi, na huko Uingereza makanisa yalifungwa mwezi huohuo. Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 2020, Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati ule, Justin Welby, aliongoza ibada akiwa jikoni kwake, na watu wakaitazama majumbani mwao. Tarehe 3 Juni mwaka ule mahujaji hawakumiminika Namugongo kama ilivyo desturi. Je, watu wale wote hawakusali? Kusema hivyo kungekuwa ukatili.

Tena wanasema, na hapa neno lao ni zito, kwamba kuwapo kwa mwili si wema wenyewe. Tarehe 21 Machi 2021, watu walipofurika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kumwaga Rais John Magufuli, msongamano uliua watu 45, kwa hesabu ya polisi. Shughuli zile zilikuwa zikionyeshwa katika televisheni. Hatusemi hivi kuwalaumu marehemu. Walikwenda kwa mapenzi na uchungu, kama ambavyo wengi wetu tungekwenda. Lakini mwenye kubaki nyumbani siku ile na kutazama, nani atasema alipungukiwa na upendo?

Hayo ni maneno ya kweli. Sasa tuwasikie wanaosema, "La, hakuzika."

Wao huuliza: kama neno lililotumwa latosha kila mara, kwa nini Bwana alikwenda Bethania? Lazaro alikuwa amekwisha kaa kaburini siku nne. Yeye aliyemponya mtumishi wa akida kwa mbali hakushindwa kumfufua Lazaro kwa mbali. Lakini alikwenda, akakutana na Martha njiani, akamwona Mariamu akilia, akalia naye. Naye Mzee Yohana, katika barua yake ya pili, asema anayo mengi ya kuandika ila hapendi kuyamaliza kwa karatasi na wino. Anataka kuja, waonane uso kwa uso, ili furaha itimie. Barua ni njema, lakini mwandishi mwenyewe alijua kwamba haitoshi.

Wazee wetu walilijua hilo hata kabla ya kusoma Yohana. Walisema asiyekuwepo na lake halipo. Walisema pia fimbo ya mbali haiui nyoka.

Sisi, baada ya kuyapima maneno ya pande zote mbili, twaona kwamba neno "kuwepo" limebeba mambo matatu, na ugomvi wetu umetokea kwa sababu kila mtu ameshika moja akadhani ndiyo yote. Jambo la kwanza ni kuona. La pili ni kuonekana. La tatu ni kubeba.

Kuona, simu yaweza kutupa. Kijana wa Mwanza alisema kweli: aliona kuliko waliosimama nyuma. Kama kuzika ni kuona, basi yeye alizika kuliko dada yake, kwa kuwa picha yake ilikuwa safi na ya dada yake ilikatika. Lakini hapo kila mtu mwenye moyo anasita, kwa maana twajua hivyo sivyo. Haiwezekani upendo upimwe kwa nguvu ya mtandao. Kwa hiyo kuona si kuzika.

Kuonekana ni jambo jingine. Mjane akiinua macho akawaona watu wamejaa uani, hata kama hawasemi neno, moyo wake hupata nguvu. Hesabu ya watazamaji iliyoandikwa pembeni ya kioo haimfikii, wala haina uso. Hili ndilo aliloliuliza yule mzee. Mwenye kutazama bila kuonekana amepokea kitu kutoka msibani, lakini hajampa mfiwa kitu.

Kubeba ndiyo sehemu iliyo kubwa. Kaburi halichimbwi kwa macho. Maji hayaletwi kwa macho. Mtu akilala matanga katika baridi ya ziwa, mwili wake unasema, "Mzigo huu nami ni wangu." Hilo ndilo nzengo inalodai, na ndiyo sababu ya faini. Faini ile si bei ya kutokuona mazishi, ni fidia ya mzigo ambao wengine waliubeba kwa niaba yako.

Sasa tumtazame binti wa Muscat kwa mizani hiyo. Aliona kidogo. Lakini usiku ule, baada ya kazi zake, alimpigia simu mama yake, kisha shangazi zake mmoja mmoja, akalia nao, wakaisikia sauti yake. Alituma fedha za sanda na za chakula kabla hajaombwa. Alibeba alichoweza kubeba kutoka mahali alipo. Nzengo haikumtoza faini, wala hakuna aliyeuliza kwa nini. Wote walielewa.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Swali la kuuliza si kama mtu alitumia simu au hakutumia. Swali ni: je, simu ilijaza nafasi ya safari isiyowezekana, au ilichukua nafasi ya safari iliyowezekana? Aliye gerezani, aliye kitandani, mwenye mtoto mchanga, aliye ng'ambo kwa mkataba, kwao picha ile ni rehema, na mwenye kuwacheka anakosa. Aliye ng'ambo ya kivuko tu, akajitosheleza kwa picha, huyo amejidanganya mwenyewe. Amechukua kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya maskini wa njia, hali yeye njia anayo.

Lakini, ndugu zetu, tusimtupie mawe kijana yule kwa haraka, maana sisi wenyewe tuna la kuungama. Siku ile tulikuwepo makaburini. Baadhi yetu tulisimama na simu mikononi tangu mwanzo, tukipiga picha zetu wenyewe. Aliyeshika simu hakushika jembe. Wengine tulikuwa tukisoma habari za mpira wakati wa mahubiri. Tulionekana, ndiyo, lakini je, tulibeba? Mwili waweza kuwa kaburini na moyo ukawa dukani, kama vile mwili ulivyoweza kuwa Muscat na moyo ukawa kaburini. Nzengo haiwezi kutoza faini ya moyo, lakini Mungu auona.

Tena kuna kosa jingine tulilolitenda, nalo ni zito. Jeneza lilipofunguliwa kwa kuaga, simu ilisogezwa karibu na uso wa mjane. Alikuwa amelegea, kanga imeanguka, analia kama mtoto. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Baada ya wiki aliambiwa kwamba watu wasiomjua wameiona picha ile, akaomba ifutwe. Ikafutwa ilipowekwa kwanza, lakini nakala zilikwisha kwenda, simu hata simu. Kitu kilichopelekwa kwa wengi hakirudi kwa mmoja akikiita. Tulitaka kumfariji binti, tukamvua mama heshima yake. Nia njema haikutuosha.

Basi tufanye nini? Twapenda kutoa shauri chache, nanyi mzipime.

Kwanza, kabla ya kurusha msiba, mfiwa aulizwe, na neno lake liwe la mwisho. Akisema hapana, walio mbali watangoja barua, kama baba zetu walivyongoja.

Pili, simu isimame mbali, ionyeshe ibada na kaburi, isionyeshe nyuso za wanaolia wala uso wa marehemu. Walio mbali wataelewa.

Tatu, mchungaji au msemaji wa ukoo awataje kwa majina walio mbali wasioweza kufika, mbele ya watu wote. Hiyo ni njia ndogo ya wao nao kuonekana.

Nne, wagonjwa na wazee wa mtaa wasiachwe kila mtu na simu yake na bando lake. Nyumba moja yenye kioo kikubwa iwakusanye, wakatazame pamoja. Hapo nakala moja itatosha watu ishirini, kama wale wataalamu walivyokusudia, na tena watakuwa wamekaa bega kwa bega. Kijana mmoja awapelekee chai.

Tano, kila mwenye kutazama ajiulize kabla hajazima simu: "Sasa nitabeba nini?" Apige simu. Atume alicho nacho, hata kidogo, maana kutoa ni moyo. Na kama kivuko kinamngoja, avuke.

Yule kijana wa Mwanza alilipa faini yake, akinung'unika. Lakini siku ya kuanua matanga alivuka kwa kivuko cha asubuhi. Tulimwona akiteka maji ziwani pamoja na vijana wenzake, suruali ameikunja mpaka magotini. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni, akimtazama.